Pampu ya Hoteli Inatengenezwa Leo, ya Kijiji Mwezi Ujao

Ukimwambia msee wa Nairobi unatafuta manzi, atacheka akuulize kwani umechoka kuwa singo. Ukimwambia mtu wa Wote vilevile, anaweza kukuonyesha njia ya kwenda mtoni, kwa sababu kwa Kikamba manzi ni maji. Leo story yangu ni ya manzi ya aina ya pili, na ya mashine tunayodhani ndiyo huleta hayo maji: pampu.

Swali langu ni moja. Kwa nini pampu ya bwawa la kuogelea ikiharibika asubuhi kwa hoteli, kufika jioni inazunguka tena, lakini pampu ya kijiji kilichoko kilomita chache kutoka hapo hapo inakaa wiki tatu, nne, na watu wanarudi kuchimba mchanga? Najua utasema "ni doo." Pesa imo, sikatai. Lakini nikifuata historia ya pampu Ukambani naona kitu kingine, na hicho kitu sisi vijana tunaweza kukifanyia kazi.

Kabla hujauliza mimi najua nini: nilipoacha chuo nilishika kazi ya kumsaidia fundi mmoja wa pampu. Tulizunguka Kibwezi, Wote na Kitui mjini tukifunga pampu za mabwawa ya kuogelea kwa magesti na majumba ya watu, na mara moja moja matangi makubwa ya samaki, yale ya kioo unaona mapokezini. Kwa hiyo hii mashine nimeibeba mgongoni kabla sijaanza kuisoma.

Pampu hainyonyi

Somo la kwanza fundi alinipa lilikuwa hili: "Kijana, pampu hainyonyi maji. Inaondoa hewa tu, halafu hewa ya nje ndiyo inasukuma maji yapande." Nilidhani ananipima. Kumbe hiyo kitu iliwasumbua watu wakubwa Ulaya karibu miaka 400 iliyopita. Galileo, kwa kitabu chake cha mwaka 1638, aliandika kuhusu pampu ya kunyonya ambayo ilikataa kupandisha maji kupita kama mita 10, hata ikitengenezwa vizuri namna gani. Mwaka 1644 Torricelli, aliyekuwa amefanya kazi na Galileo, akaeleza sababu: tunaishi chini ya bahari ya hewa, na hiyo hewa ina uzito. Uzito huo ndio unasukuma maji ndani ya paipu, na una kikomo. Pwani kikomo ni karibu mita 10.3.

Sasa leta hiyo hesabu nyumbani. Kitui mjini iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Hewa huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa, kwa hivyo kikomo kinashuka mpaka karibu mita 9, na hiyo ni kwa karatasi. Ukitoa msuguano wa paipu na viungo vinavyovuja hewa, fundi mwenye akili hapangi kupita mita 6 hivi. Ndiyo maana pampu ya bwawa la kuogelea inakaa karibu sana na maji, ikiwezekana chini ya usawa wa maji, ili ijae yenyewe. Ukiifunga juu, lazima uijaze maji kabla ya kuwasha na uweke valvu ya kuzuia maji yasirudi. Ikizunguka kavu, sili inaungua kwa dakika chache na kazi yako imeisha hapo.

Na ndiyo maana kwa kisima cha mita 100 au 150, ambavyo ni vya kawaida Ukambani, huwezi kuweka hiyo pampu ya juu. Lazima mota yenyewe iteremke chini kabisa, ndani ya maji, isukume kuja juu. Ikiharibika huko, mtu hafungui tu boliti nne. Inabidi paipu zote zitolewe moja moja, na hiyo kazi inataka watu, mnyororo na gari. Weka hiyo akilini, tutairudia.

Kabla ya pampu kulikuwa na mchanga

Mito mingi ya Kitui na Makueni ni ya msimu. Tiva, Kaiti na nyingine, mvua ikinyesha inashuka kwa hasira, halafu baada ya muda unabaki na barabara pana ya mchanga. Mgeni anaona jangwa. Susu yako anaona tangi. Maji yako chini, katikati ya chembe za mchanga, na jua haliyafikii. Unachimba shimo, unangoja, maji yanajitokeza polepole, unachota na kibuyu. Hiyo ndiyo teknolojia iliyolisha Ukambani vizazi na vizazi, na kazi ya kuchota ilikuwa, na bado ni, ya akina mama na wasichana.

Serikali ya mkoloni ilipoona ardhi ya Ukambani imemomonyoka, jibu lake la kwanza lilikuwa kuchukua ng'ombe za watu kwa nguvu. Mwaka 1938 Muindi Mbingu akaongoza maelfu ya Wakamba kwenda Nairobi kupinga, na yeye akahamishwa mpaka Lamu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mkoloni alibadilisha mbinu. Chini ya mpango ulioitwa ALDEV, kulichimbwa masilanga ya udongo na kujengwa kuta za kwanza za saruji katika mito ya mchanga. Wazo ni rahisi mpaka linakera: unajenga ukuta juu ya mwamba, mtoni katikati. Mafuriko yanakuja yamebeba mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanabaki ndani ya mchanga. Kati ya robo na theluthi hivi ya ujazo wote inaweza kuwa maji. Hilo ni bwawa la mchanga.

Lakini aliyelifanya kuwa letu hakuwa mkoloni. Mwaka 1978 Joshua Mukusya na majirani zake walianzisha kikundi cha Utooni, upande wa Machakos karibu na mpaka wa Makueni, wakaanza kujenga haya mabwawa kwa mikono yao. Kitui, kuanzia miaka ya 1990, shirika la SASOL likashirikiana na jamii kujenga mamia. Injini ya kazi yote ilikuwa mwethya, ule utaratibu wa Wakamba wa kikundi kukutana na kufanyiana kazi kwa zamu. Watu walibeba mawe, walibeba maji ya kuchanganya saruji, walipanda nyasi kingoni. Na ukuta ukipata ufa, hakukuwa na haja ya kuuliza ni wa nani. Ni wa wale wale walioujenga.

Bwawa la hoteli na mto wa kijiji ni ndugu

Hapa ndipo kazi yangu ilinifungua macho. Fungua ile mashine kubwa ya mviringo kando ya pampu ya bwawa la kuogelea, ndani utakuta nini? Mchanga. Pampu inavuta maji ya bwawa, inayapitisha kwenye kikapu cha kushika majani, inayasukuma yapite kwenye mchanga, uchafu unabaki, maji safi yanarudi. Kila baada ya muda unageuza mkondo ili mchanga uoshwe, halafu unaendelea.

Kuchuja maji kwa mchanga ni ujuzi wa zamani. Mwaka 1829 James Simpson alijenga machujio ya mchanga ya kampuni ya maji ya Chelsea, London. Mwaka 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg, Ujerumani, mji uliokuwa ukisambaza maji ya mto bila kuyachuja. Zaidi ya watu 8,000 walikufa. Altona, mji ulioshikana na Hamburg na uliotumia maji ya mto huo huo, ulikuwa na machujio ya mchanga, na ukaepuka sehemu kubwa ya janga lile. Mpaka wa ugonjwa ulifuata mpaka wa paipu.

Kwa hiyo tajiri wa Kitui analipa stima kila siku ili mashine imfanyie kazi inayofanana na ile mto wa Tiva unafanya bure. Na sisi tunafanya nini na huo mchanga? Tunaupakia kwenye malori tuuze mjini. Hiyo biashara imekausha vijito, imevunja kingo, na kuna watu wameuawa kwa ajili yake. Makueni ilipitisha sheria yake ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, na hiyo naipa heshima. Lori la mchanga likiondoka mtoni, limeondoka na tangi na chujio kwa safari moja.

Sijakuja kutukana wenye mabwawa

Kabla hujaanza kusema "watu wana kiu na wengine wanaogelea," subiri tufanye hesabu. Bwawa la gesti la mita 10 kwa 5, kina cha wastani mita 1.5, linabeba lita 75,000. Hiyo ni mitungi 3,750 ya lita 20. Punda mwenye mitungi minne angepiga safari zaidi ya 930. Ni mingi, ndio.

Lakini zamani, kabla ya pampu na chujio, mabwawa ya kuogelea yalikuwa yanajazwa, yanatumika mpaka maji yachafuke, yanamwagwa, yanajazwa tena. Pampu ndiyo iliyomaliza huo mchezo. Ukifunga inayozungusha lita 10,000 kwa saa, maji yote yanapita kwenye mchanga kwa saa saba na nusu, na maji yale yale unaweza kukaa nayo miaka. Unachopoteza zaidi ni kwa jua. Kwa ukavu wa Kitui, ukihesabu milimita 5 kwa siku, bwawa hilo linapoteza lita 250, yaani mitungi 12 na nusu kila siku. Kulifunika usiku na wakati halitumiki kunapunguza hasara hiyo sana. Kwa hivyo mwenye bwawa ambaye hana kifuniko, huyo ndiye wa kuongeleshwa kwanza.

Tangi la samaki nalo linafundisha kitu kikali zaidi. Chukua la mita 1.8 kwa sentimita 60 kwa 60: karibu lita 650, mitungi 32. Pampu yake inafaa kuzungusha maji yote kama mara nne kwa saa. Ndani ya chujio kuna bakteria wanaogeuza sumu inayotoka kwa kinyesi cha samaki, na wao wanahitaji maji yenye hewa yakipita bila kukoma. Stima ikipotea, kwa saa chache samaki wanapanda juu wakitafuta hewa. Kwa hivyo mwenye tangi ananunua kipampu cha betri cha akiba hata kabla hajanunua samaki. Samaki wa mapokezini ana mpango wa dharura. Shule ya msingi iliyo na kisima kimoja mara nyingi haina.

Ahadi, mpini na simu

Turudi kijijini. Mwaka 1974 serikali ya Kenya ilianza mpango mkubwa wa maji, na lengo likawa kwamba ifikapo mwaka 2000 kila Mkenya awe na maji safi karibu na kwake. Mwaka 2000 ulipita, unajua mwenyewe. Visima vilichimbwa, utepe ukakatwa, jiwe la jina la mheshimiwa likabandikwa. Kilichosahaulika ni siku ya baada ya utepe.

Kuna watu waliliona hilo mapema. Miaka ya 1980, huko Kwale, pampu za mkono zilifanyiwa majaribio marefu, na katika kazi hiyo ikakomazwa pampu inayoitwa Afridev. Wazo lake lilikuwa tofauti: itengenezwe kwa namna ambayo watu wa kijiji, wakiwemo akina mama, wanaweza kuifungua wenyewe na kubadilisha vipuri bila kungoja gari la serikali. Yaani walioichora walianza na swali la nani ataitengeneza.

Halafu ikaja Kyuso, kaskazini mwa Kitui, na hapa ndipo mpendwa wangu wa historia hii anakaa. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliweka kifaa kidogo ndani ya mipini ya pampu za mkono zaidi ya 60. Kifaa kilihesabu mpini unapanda na kushuka mara ngapi, kikatuma ujumbe kwa mtandao wa simu. Pampu ikinyamaza, mtu ofisini anajua, fundi anatumwa. Kabla ya hapo, pampu iliyoharibika ilikuwa inakaa karibu siku 27 kwa wastani kabla ya kutengenezwa. Kwa wale waliopata huduma hiyo, ikashuka chini ya siku 3.

Soma hiyo tena. Maji yale yale, pampu zile zile, umaskini ule ule. Kilichoongezeka ni mtu mmoja anayejua kwamba pampu imekufa, na ambaye ni kazi yake kuifufua. Kutokana na kazi hiyo likazaliwa shirika la matengenezo linaloitwa FundiFix, Kitui na Kwale, ambapo jamii inalipa kidogo kidogo na inahakikishiwa fundi.

Sasa ulinganishe na hoteli. Pampu ya bwawa ikisimama, kwa siku mbili tatu za jua la Kitui maji yanageuka kijani. Kila mgeni anaona. Meneja ana namba ya fundi, fundi ana spea ya sili kwa mkoba, na kuna pesa iliyotengwa. Tulikuwa tunapigiwa saa moja asubuhi, saa nne tuko hapo. Pampu ya kijiji ikisimama, maji hayageuki kijani. Yanakosekana tu, kimya kimya, na gharama yake inabebwa kichwani na msichana wa miaka 13 ambaye hana namba ya mtu wa kumpigia.

Ndiyo maana nasema historia ya pampu Ukambani ni historia ya matengenezo. Bwawa la mchanga lilidumu kwa sababu mwethya ilikuwa na wenyewe. Afridev ilichorwa kwa kufikiria mwenyewe. Kyuso ilifaulu kwa sababu ilimtafuta mwenyewe. Mahali mwenyewe hajulikani, hata mota mpya kutoka ng'ambo inageuka chuma cha kukwaruza mgongo wa mbuzi.

Na sasa kubwa zinakuja

Kitui mjini hupata maji kutoka Masinga, bwawa la mto Tana lililokamilika mwaka 1981. Usawa wake ukijaa ni karibu mita 1,056 juu ya bahari, na Kitui iko juu zaidi. Maana yake kila tone linapandishwa kwa stima. Mara kadhaa vyombo vya habari vimeripoti mji ukikauka kwa sababu ya bili ya stima, si ya ukame. Mto umejaa, mota ni nzima, swichi imezimwa.

Halafu kuna Thwake, mpakani mwa Makueni na Kitui, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 2018. Imeundwa kubeba zaidi ya mita za ujazo milioni 600. Viongozi wataongea urefu wa ukuta na upana wa ziwa. Wewe uliza maswali ya fundi: pampu ngapi zitasukuma hayo maji mpaka vijijini? Bili ya stima italipwa na nani? Spea zitakaa Wote au zitaagizwa zikingojwa miezi mitatu? Na vijana wangapi wa hapa wanafundishwa saa hii kufungua hizo mota?

Hilo la mwisho ni letu. Kuna ujuzi mkubwa wa pampu umelala kwa vijana wanaozunguka na bodaboda na mkoba wa spana, wakihudumia mabwawa ya magesti. Yule anayejua kubadilisha sili ya pampu ya kuogelea anaweza kufundishwa kubadilisha vipuri vya Afridev, na akiongezwa vifaa na wenzake, kutoa pampu ya kisima pia. Kinachokosekana ni mkataba: kaunti, kamati ya maji na fundi waandikiane kwamba pampu ikinyamaza, siku tatu haziishi.

Ukienda ocha wikendi hii, fanya kitu kimoja. Tafuta pampu ya kijiji chenu. Kama inafanya kazi, uliza ni nani hupigiwa simu ikiharibika. Kama imekufa, uliza imekufa tangu lini. Andika tarehe, piga picha, peleka kwa MCA wako na useme unataka jina la mtu, sio ahadi. Ukikuta hakuna anayejua jina, basi umeshajua kwa nini haifanyi kazi.